Faili Halijaharibika

Msimu wa kukabidhi tasnifu ukifika, steshenari zilizo jirani na vyuo vyetu hujaa hadi barazani. Mwanafunzi anakuja na flashi, inachomekwa kwenye kompyuta ya dukani, kazi inafunguliwa, na palepale mwenye kazi anashika kichwa. Kurasa zilizokuwa 82 sasa ni 87. Jedwali lililokaa vizuri kwenye ukurasa mmoja limekatwa kiunoni. Ramani imepanda juu ya maandishi. Mwenye duka, ambaye ana foleni na hana muda wa uchunguzi, anatoa hukumu: "Si unaona, umetumia hizi programu za bure. Faili limeharibika."

Mimi nimekuja kumtetea mshtakiwa. Faili halijaharibika, mara nyingi halina hata mchubuko. Kilichotokea ni kwamba kuna kitu kimebaki kwenye kompyuta ya mwandishi, na faili limesafiri bila kitu hicho. Ukishajua kilichobaki ni nini, dawa yake huwa haichukui hata dakika tano.

Kwanza tuijue programu yenyewe. Programu huria ni ile ambayo msimbo wake uko wazi, yeyote anaweza kuusoma, kuubadilisha na kuugawa. Kwa kazi za ofisi, inayotumika zaidi leo ni LibreOffice, nayo ina ukoo mrefu. Ulianzia mji wa Lüneburg, Ujerumani, katikati ya miaka ya 1980, kijana Marco Börries alipoanzisha kampuni ya Star Division iliyokuja kutengeneza StarOffice. Mwaka 1999 Sun Microsystems ya Marekani ikainunua, na mwaka uliofuata ikauweka msimbo hadharani kwa jina la OpenOffice.org. Hapo na sisi tuliingiza mkono: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kushirikiana na wataalamu wa IT+46 ya Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, yaani programu ileile ikizungumza Kiswahili kwenye menyu zake. Halafu Sun ikamezwa na Oracle mwaka 2010, na kabla mwaka huo haujaisha kundi kubwa la waandishi wa msimbo lilijitenga, likaanzisha LibreOffice chini ya taasisi ya The Document Foundation.

Nimeusimulia ukoo huu kwa sababu ya vitendo kabisa. Jina la OpenOffice bado lipo hai, sasa chini ya taasisi ya Apache, na watu wengi wakitaka programu ya bure hulitafuta hilo kwa kuwa ndilo walilolisikia zamani. Lakini Apache OpenOffice hulifungua tu faili la docx, haiwezi kuhifadhi kwa docx. Mtu anahangaika wiki nzima, profesa anamrudishia kazi akisema haifunguki vizuri, kumbe amekuwa akituma faili la doc la enzi za Windows 98. Kwa hiyo kabla ya kutafuta mchawi, angalia jina la programu iliyo mbele yako. Ikiwa ni OpenOffice, weka LibreOffice. Nusu ya walalamikaji wangu wangeweza kuzima redio hapo hapo.

Waliobaki, tuje kwenye fonti.

Faili la maandishi kwa kawaida halibebi sura za herufi. Hubeba jina tu. Linasema, "aya hii iandikwe kwa Calibri, ukubwa 11," kisha linaitegemea kompyuta ya mpokeaji iwe na Calibri. Kuanzia Office ya 2007, Calibri ndiyo iliyokuwa fonti ya kuanzia kwenye Word, mpaka mwaka 2023 Microsoft ilipoiweka Aptos mahali pake. Fonti hizi ni mali ya kampuni, kwa hiyo LibreOffice haiwezi kuzigawa bure. Kompyuta isiyokuwa nayo hutafuta iliyo karibu. Sasa ikiwa herufi za mbadala ni pana zaidi hata kwa unywele, neno la mwisho la mstari huruka mstari wa chini, aya inaongezeka mstari, ukurasa unafurika, na ifikapo sura ya nne jedwali limeshakatwa. Zile kurasa tano za ziada zilitoka hapo. Hakuna neno lililoongezwa.

Watu wa programu huria walilijua tatizo hili mapema. Mwaka 2007 kampuni ya Red Hat ilitoa fonti za Liberation, na ufundi wake uko kwenye vipimo: kila herufi ina upana uleule wa herufi ya Times New Roman, Arial au Courier New, ingawa sura yake imechorwa upya. Ni kama kumpelekea fundi cherehani vipimo vyako bila kumpelekea shati lako. Nguo itakuwa tofauti lakini itakukaa. Baadaye Calibri nayo ikapata pacha anayeitwa Carlito, iliyotokana na fonti ya Lato ya Łukasz Dziedzic wa Poland, na Cambria ikapata Caladea. Ukipakua LibreOffice kamili, mapacha hawa huja nayo. Lakini kuna matoleo yaliyopunguzwa, na kuna mtu aliyewahi kufuta fonti ili kuokoa nafasi kwenye diski, na hapo ndipo mambo hugeuka.

Utajuaje kwamba tatizo ni fonti? Bofya ndani ya aya iliyovurugika, kisha tazama juu, kwenye kile kisanduku chenye jina la fonti. LibreOffice ikikuonyesha jina hilo kwa herufi za mlazo, maana yake fonti hiyo haimo kwenye kompyuta hii na unachokiona ni mbadala. Hapo una njia mbili. Ama uweke fonti inayotakiwa, ama urudi kwenye kompyuta iliyoandika kazi na uagize fonti zifungwe ndani ya faili. LibreOffice inayo nafasi hiyo kwenye sifa za waraka, upande wa fonti. Word inayo kwenye mapendeleo ya kuhifadhi. Faili litanenepa kidogo. Acha linenepe.

Na karatasi je? Programu iliyosakinishwa kwa mipangilio ya Kimarekani huanza na karatasi inayoitwa Letter, yenye sentimita 21.59 kwa 27.94. Printa zetu zina A4, sentimita 21 kwa 29.7. Letter ni pana kidogo na fupi kidogo. Andika kazi nzima kwenye Letter, iprinti kwenye A4, halafu ushangae kwa nini namba za kurasa haziko zilipokuwa. Hilo halihitaji maelezo zaidi, angalia tu ukubwa wa ukurasa kabla hujaanza kuandika.

Lakini kuna kosa moja ambalo Word na LibreOffice zote hazina hatia nalo, na nalitaja kwa sababu linaniudhi. Ni kupanga waraka kwa kubonyeza nafasi. Mtu anataka kichwa kiwe katikati, anabonyeza nafasi mara ishirini. Anataka sura mpya ianze ukurasa mpya, anabonyeza Enter mpaka afike chini. Kwenye kompyuta yake inaonekana safi. Upana wa herufi ukibadilika kidogo tu, zile nafasi na zile Enter zinamsaliti. Kwenye LibreOffice bonyeza Ctrl na F10, utaona alama zote zilizofichwa: kila nafasi ni nukta, kila Enter ina alama yake. Kuna tasnifu ukizifungulia alama hizo unadhani zimepata tetekuwanga. Ukurasa mpya ni Ctrl na Enter, mara moja. Vichwa vya sura vina mitindo yake kwenye menyu, na ukiitumia, hata yaliyomo yatajipanga yenyewe.

Msikilizaji, nimesema faili halijaharibika, lakini nisiwe mbishi kupita kiasi. Yapo yanayoharibika kweli. Umeme umekatika katikati ya kuhifadhi, au flashi imechomolewa kabla ya kompyuta kumaliza kuandika. Hapo inasaidia kujua kwamba faili la docx kwa ndani ni furushi la zip. Vivyo hivyo faili la odt, ambalo ndilo la LibreOffice yenyewe. Fanya nakala, kisha badilisha herufi za mwisho wa jina, docx iwe zip, na uifungue. Utakuta folda inayoitwa word, ndani yake kuna document.xml yenye maneno yako, na kuna folda ya media yenye picha zako, kila moja peke yake. Kwenye odt maneno yako kwenye content.xml na picha ziko kwenye folda ya Pictures. Mara nyingi kilichoumia ni kipande kimoja cha furushi na vingine viko salama. LibreOffice yenyewe ikikutana na furushi lililochanika hukuuliza kama ilikarabati. Kubali, kisha hifadhi kwa jina jipya. Nimeona picha za utafiti wa miezi zikitolewa kwenye faili ambalo Word ilikataa hata kulitazama.

Sasa mtu atauliza: kama yote mawili ni mafurushi ya zip yenye maandishi ya XML ndani, kwa nini basi hayaelewani? Hapa kuna historia yenye pilipili kidogo. ODF, muundo wa odt na ndugu zake, ulipitishwa na shirika la OASIS mwaka 2005, na mwaka 2006 ukawa kiwango cha kimataifa cha ISO. Microsoft nayo ikaupeleka muundo wake, OOXML, ambao ndio wa docx. Kura ya kwanza ya ISO mwaka 2007 iliukataa. Mwaka 2008 ukapita. Afrika Kusini, Brazil, India na Venezuela zilikata rufaa, rufaa zikatupwa. Waraka wa kiwango hicho ulizidi kurasa 6,000. Na ndani yake kulikuwa na vipengele vya kuchekesha, kwa mfano kimoja kinachoiamuru programu ipange nafasi za herufi kama Word 95 ilivyokuwa ikifanya. Sasa wewe unayeandika programu nyingine utajuaje Word 95 ilifanyaje? Utakaa na faili la zamani na kubahatisha. Kazi kubwa ya watu wa LibreOffice kwa miaka hii yote imekuwa hiyo, kuiga tabia za programu ya mtu mwingine, pamoja na makosa yake.

Nikisema makosa, sitanii. Excel inaamini kwamba mwaka 1900 ulikuwa mrefu, wenye tarehe 29 Februari. Haukuwa nayo. Kosa hilo lilianzia kwa Lotus 1-2-3, lahajedwali iliyoitangulia, na Excel ililichukua kwa makusudi ili mafaili ya Lotus yafunguke bila kusogea siku. LibreOffice ilikataa kuiongeza siku ambayo haikuwahi kuwapo, ikafanya ujanja: inaanza kuhesabu kutoka tarehe 30 Desemba 1899, ili kuanzia Machi 1, 1900 hesabu zake zilingane na za Excel. Labda uwe na rejista ya ubatizo ya mwanzoni mwa 1900, vinginevyo hutaona tofauti.

Tofauti utakayoiona iko kwingine, na kwa maoni yangu lahajedwali ni hatari kuliko tasnifu, kwa sababu tasnifu ikivurugika unaiona kwa macho. Lahajedwali hudanganya kimyakimya.

Chukua orodha ya kamati ya harusi, majina, namba za simu, ahadi, tarehe ya malipo. Katibu ameipakua kutoka kwenye simu ikiwa ni faili la csv, yaani maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato. Akilifungua kwa kubofya mara mbili kwenye Excel, namba zote za simu zinapoteza sifuri ya mwanzo, kwa sababu kompyuta imeona tarakimu ikadhani ni hesabu. LibreOffice kwa bahati husimama kwanza na kuuliza: herufi zake ni za aina gani, kitenganishi ni kipi, safu hii ni nini? Wengi huona kero, wanabonyeza sawa bila kusoma. Usiharakishe. Chagua UTF-8 kwa herufi, kisha bofya kichwa cha safu ya simu na uiambie ni maandishi. Sifuri itabaki. Na ikiwa imeshapotea, usiandike moja moja: namba zetu zina tarakimu tisa baada ya sifuri, kwa hiyo fomula fupi ya kuunganisha sifuri na kisanduku kilicho pembeni inarudisha orodha nzima.

Namba ya NIDA, yaani ya kitambulisho cha taifa, haina huruma hiyo. Ina tarakimu 20, na lahajedwali, iwe ya kununua au huria, hukumbuka kwa uhakika tarakimu 15 hivi za mwanzo. Ukiiingiza kama hesabu bila vistari vyake, tarakimu za mwisho hugeuka, na ukishahifadhi hakuna fomula duniani itakayozirudisha. Kama unakusanya namba hizo kwa ajili ya ofisi au kikundi cha kukopa, ziandike na vistari, au ifanye safu iwe ya maandishi kabla hujaingiza namba ya kwanza.

Tarehe nazo zina uchawi wake. Kompyuta iliyopangwa Kimarekani ikiona 03/04/2024 inasoma Machi 4, wakati katibu aliandika Aprili 3. Ikiona 25/12/2024 inashindwa, maana hakuna mwezi wa 25, basi inaiacha kama maandishi. Kwa hiyo katika safu moja una tarehe zilizogeuzwa na tarehe zisizotambulika, na ukipanga kwa mpangilio wa siku inatoka supu. Kwenye LibreOffice bonyeza Ctrl na F8: hesabu na tarehe halisi zinakuwa buluu, maandishi yanabaki meusi. Safu yenye rangi mbili ina tatizo. Kisha ingia kwenye mipangilio ya lugha uchague Kiswahili. Na ukitaka kulala usingizi, andika mwaka kwanza, 2024-04-03. Mpangilio huo LibreOffice huutambua popote pale.

Makro, yaani programu ndogo zinazoandikwa ndani ya faili, nitazipita haraka. Ikiwa ofisi yako ina lahajedwali la mishahara lenye vitufe vya VBA, lugha ya makro za Microsoft, LibreOffice itaendesha baadhi na kukwama kwenye baadhi. Lijaribu kabla ya tarehe za mshahara.

Linabaki suala la kutuma, na hapa ningependa tubadilike. Kabla ya kubonyeza, jiulize mpokeaji anataka kusoma au kuhariri. Wa kusoma apewe PDF, maana PDF husafiri na fonti zake na ukurasa wake. Julai 2014 serikali ya Uingereza iliamua hivyohivyo kwa nyaraka zake: za kuhariri ziwe ODF, za kusoma ziwe PDF au HTML. Sisi tunatuma barua ya mwaliko kwenye WhatsApp ikiwa docx, mgeni rasmi anaifungua kwa simu, nembo inaonekana imelala juu ya jina lake. Kulikuwa na haja gani? LibreOffice ina hata njia ya kati ambayo watu hawaijui. Unapotoa PDF unaweza kuiagiza iufiche waraka wa asili ndani yake. Mwenye simu anaona PDF ya kawaida. Mwenye LibreOffice akilifungua faili lilelile anaweza kulihariri. Kwa kumbukumbu za vikao vya kata au vikundi, sijaona njia nzuri zaidi.

Na kazi ndefu inayokwenda na kurudi kati yako na msimamizi mwenye Word? Weka nakala yako kuu kwa odt, na kila unapotuma toa nakala ya docx. Kila safari ya kubadilisha muundo hukwangua kitu kidogo, tanbihi hapa, namba ya kichwa pale, kwa hiyo usiifanye nakala moja isafiri miezi sita. Na msimamizi akisema Word yake haifungui odt, mwambie kwa adabu kwamba inafungua, tangu mwaka 2009.

Nimalizie na jambo lenye tarehe. Kadi za harusi, ratiba za misa, vitabu vya nyimbo, vyeti vya shule za awali, sehemu kubwa ya kazi hizo hapa kwetu imetengenezwa kwa Publisher. Microsoft imepanga mwisho wa Publisher kuwa Oktoba 2026, na wanaolipia Microsoft 365 baada ya hapo hawataweza kuyafungua mafaili yao ya pub kwa programu hiyo. LibreOffice inayafungua, kwa upande wake wa kuchora uitwao Draw, kwa kazi ya wanamradi wa Document Liberation waliochambua muundo huo. Maneno na picha zitakuja. Mpangilio unaweza kusogea, hasa kama fonti ni zile za mapambo. Kwa hiyo ikiwa bado una kompyuta yenye Publisher, toa kwanza PDF ya kila faili unalolihitaji, ili ujue lilivyopaswa kuonekana, kisha ndipo ulifungue kwenye Draw na ulisawazishe ukiitazama hiyo PDF. Anza na kitabu cha nyimbo cha kwaya. Kadi za harusi zilizokwisha kufanyika zinaweza kusubiri.